Jeti Namba Arobaini na Nane

Gari jeupe la Mzee Kutsukake liliingia gerejini likikohoa, Ijumaa, saa sita kasoro dakika kumi mchana. Chizuru Akuzawa alikuwa na bakuli la tambi pana mkononi. Hakuinua macho. Alisikiliza mngurumo, akavuta pumzi ya moshi ulioingia pamoja na gari, kisha akalaza vijiti juu ya bakuli.

"Linabugia petroli," alisema, kabla mwenye gari hajafungua mlango.

Mzee Kutsukake alishuka polepole. Alikuwa mwembamba, amefunga tai, kofia ameishika kifuani kama mtu aliyekuja kutoa pole. Kwa miaka arobaini na sita alikuwa amefuma hariri katika kiwanda kimoja hapohapo mjini Kiryu, na hata sasa vidole vyake vilikuwa vikisuguana kana kwamba vinatafuta uzi uliokatika.

"Baba yako yupo?"

"Baba amestaafu. Anacheza bao la go kwa jirani tangu asubuhi, na hainuki mpaka ashinde. Kwa hiyo leo halali nyumbani."

"Nilitaka fundi."

"Fundi ndiye huyu anayekula tambi, mzee wangu. Sema."

Mzee akasema. Asubuhi alikuwa amelipeleka gari mwenyewe mjini Maebashi kwenye ukaguzi wa serikali, kama alivyofanya kila baada ya miaka miwili. Taa zilipita, breki zikapita. Moshi ukakataa. Kwa gari la umri ule, sumu katika moshi haitakiwi kuzidi asilimia nne na nusu, na lake lilitoa saba nukta mbili. Akageuza skrubu ya kabureta pale nje, akarudi kwenye foleni. Saba nukta tano.

"Kwa ada moja unajaribu mara tatu kwa siku," alisema. "Nimebakiwa na moja. Raundi ya mwisho ni saa tisa na nusu. Cheti changu kinakufa leo usiku, na wale watu hawafungui tena mpaka Jumatatu."

"Si ulilete Jumatatu, tuliangalie kwa utulivu?"

Mzee alitazama kofia yake. "Jumatatu saa nne binti yangu ananipeleka polisi kurudisha leseni. Nimempa neno langu. Nina miaka themanini na mbili, na mwezi uliopita niligonga ua wa jirani. Lakini Jumapili ni ya mke wangu, Fumie. Nampeleka Ikaho, kwenye chemchemi za maji ya moto. Nilimpeleka na gari hilihili wiki ile niliyolinunua, tukiwa wachumba. Ameshashona mto mpya wa kukalia."

"Basi la kwenda Ikaho lipo, mzee."

"Fumie hakuchumbiwa na basi."

Chizuru alicheka, akalisukuma bakuli pembeni. Tambi zingepoa, lakini jibu kama lile lilistahili. Akafungua boneti.

Kabureta ilikuwa imekaa juu ya injini, ndogo kuliko kichwa cha paka, inang'aa. Ilikuwa inang'aa mno. Chizuru aliliona hilo akaliweka akilini. Aliwasha injini, akachukua bisibisi, akaikaza skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka ikafika mwisho. Hapo injini isiyo na kasoro huzimika, kwa sababu umeinyima chakula. Hii haikuzimika. Ilitetemeka tu, ikaendelea kunguruma.

"Unaona? Nimeifungia mlango na bado inakula. Kuna mahali inaibia."

"Floti?" aliuliza mzee. "Labda boya hilo limekwama, petroli inapanda kupita kiasi kwenye bakuli lake."

Chizuru alielekeza tochi kwenye kidirisha cha kioo ubavuni mwa kabureta. Petroli ilikuwa imetulia sawasawa kwenye alama. "Floti haina kosa. Mzee, hii kabureta umeifungua?"

"Nimeifuta vumbi."

"Kwa nje?"

"Vumbi huingia popote."

Chizuru alizima injini na kuacha mikono iseme. Mfuniko wa kabureta ulikuwa mezani kabla mzee hajapata pa kukaa. Alizijua njia zote za mle ndani kama watu wanavyozijua ngazi za nyumba yao wakiwa gizani. Akaichomoa jeti ya mwendo mdogo, ile inayolisha injini gari likiwa limesimama. Kilikuwa kipande cha shaba kisichozidi punje ya mchele, chenye tundu ambalo ncha ya sindano nyembamba ingepita kwa kujibana. Ubavuni kimeandikwa 48, upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Akakiinua dhidi ya dirisha, akaweka kioo cha kukuzia jichoni.

Tundu lililotoka kiwandani huwa la mviringo. Hili lilikuwa na umbo la yai, na mchubuko mmoja mpya ulimeremeta ukingoni.

"Njoo uone," alisema.

Mzee aliona. Masikio yake yakawa mekundu.

"Lilikuwa limeziba," alisema. "Ilikuwa mwisho wa mwaka, Fumie anasafisha nyumba, nami nikasema nisafishe langu. Uchafu ulikataa kutoka kwa pumzi. Nikatumia ndoana yangu ya kupitishia nyuzi. Maisha yangu yote, kitu kikiziba, nimekizibua kwa ndoana ile."

"Ya chuma cha pua."

"Ngumu kabisa."

"Na hii ni shaba. Umeitoboa upya, mzee. Unywele mmoja tu, lakini injini inaujua." Chizuru alisema bila kupaza sauti na bila kulainisha. "Ungeniambia tangu mwanzo ningeokoa dakika ishirini."

"Nilikuwa mkuu wa mafundi kiwandani. Vijana wakiharibu kitu halafu wakakificha, nilikuwa nawapigia kelele mpaka madirisha yanatikisika."

"Basi jipigie mwenyewe kidogo, mimi natafuta jeti."

Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini. Chizuru alishusha bati la biskuti ambamo baba yake alikuwa amekusanya jeti kwa miaka thelathini. Alizimwaga juu ya kitambaa. Hamsini na mbili, hamsini na tano, sitini. Kubwa zote. Namba arobaini na nane hazikuwa zimetengenezwa tangu yeye mwenyewe akiwa shule ya msingi, na mtu wa Osaka aliyekuwa nazo angezituma zifike kesho.

Saa saba kasoro robo. Mwendo wa kwenda Maebashi, dakika arobaini na tano, na gari zee halikimbizwi.

"Ndoana ile ulikuja nayo?" aliuliza.

Mzee alidhani anataniwa tena. Lakini alikwenda kwenye gari, akarudi na kitambaa cha bluu kilichoviringishwa, akakikunjua juu ya meza. Ndani, kila moja kwenye mfuko wake mdogo, zilipangwa ndoana na sindano ishirini hivi, kuanzia nene hadi zile ambazo jicho lilizipoteza.

"Unene wake unaujua?"

"Naujua kwa kugusa," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuonekana mtu wa kutoa pole. "Hii ni arobaini na tano. Hii arobaini na nane. Hii hamsini. Uzi wa mshipi wa obi wa bibi harusi hauvumilii makosa."

"Vizuri. Tundu nitalifukia, kisha nitalitoboa upya. Keekee yangu ndogo kuliko zote ni ya arobaini na tano. Hizo sehemu tatu zilizobaki utanipimia wewe."

Alilehemu tundu kwa madini ya fedha, akapuliza, akaacha jeti ipoe. Kisha akaishika keekee ya mkono kati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza kuizungusha bila kuisukuma, pumzi ameibana. Keekee ya unene ule ukiilazimisha huvunjikia ndani, na hapo ndipo safari ya Ikaho ingeishia. Aliizungusha, akaitoa, akafuta vumbi la chuma, akairudisha.

Mwanga ulipopenya, alimkabidhi mzee jeti. Mzee alifumba macho. Sindano ya arobaini na tano iliingia. Ya arobaini na nane ikagoma.

"Bado. Chembe tu."

Chizuru aliizungusha sindano yenyewe ya arobaini na nane ndani ya tundu, mara mbili, mara tatu, kwa tone la mafuta.

"Sasa." Vidole vya mzee vilikuwa vimetulia kabisa. "Inapita bila kulegea. Ya hamsini inakataa. Usiguse tena."

Saa nane na dakika ishirini injini iliwaka. Chizuru aliikaza skrubu hadi mwisho, na safari hii injini ikazimika papo hapo. Akapiga meza kofi moja. Akaiwasha tena, akafungua skrubu robo baada ya robo, kichwa kimeinama juu ya boneti, mpaka mngurumo ukawa laini na mfululizo.

"Kipimo cha moshi huna?" aliuliza mzee.

"Ninacho. Kimepelekwa kukaguliwa. Nacho kina cheti chake kinachokufa."

"Sasa utajuaje?"

Chizuru aligusa sikio lake. "Hiki hakipelekwi popote. Panda."

Walifika foleni ya mwisho dakika kumi kabla haijafungwa. Mkaguzi, kijana mwenye glavu nyeupe, alimtambua mzee na kuanza kutikisa kichwa. Akaingiza bomba la kipimo kwenye ekzosi. Tarakimu zilipanda mpaka tatu nukta moja, zikasita, zikashuka. Mbili nukta sita. Zikakaa hapo.

"Asubuhi lilikuwa saba," alisema mkaguzi. "Umebadilisha kabureta?"

Mzee Kutsukake alinyoosha mgongo. "Niliiharibu mwenyewe kwa ndoana ya kufumia. Huyu ndiye fundi aliyeitengeneza."

Mkaguzi alimtazama Chizuru, akatazama tena tarakimu, akapiga muhuri.

Nje, kibandiko kipya kikiwa kwenye kioo, mzee alimnyooshea Chizuru funguo. "Rudisha wewe. Mikono yangu imechoka."

"Mikono iliyopima sehemu tatu za tundu haijachoka." Chizuru alizunguka, akafungua mlango wa abiria, akakaa. "Leseni ni yako mpaka Jumatatu saa nne. Endesha, nisikilize injini. Na sindano zile usimpe mtu. Nitazihitaji."

"Nitakuletea Jumatatu mchana," alisema mzee akiketi nyuma ya usukani. "Kwa basi."