Wachumba wa Watoto wa Mtasema

Mbwa wa Damari aliitwa Mtasema. Jina hilo alilipata kwa Filipo, mume wa Damari, mwaka ule walipokuwa wanajenga nyumba yao Unyambwa na majirani hawakuwa na kazi nyingine ila kuuliza hao wawili wamepata wapi bati. Basi kila jioni Filipo alisimama mlangoni akaita kwa sauti kubwa, "Mtasema! Njoo, Mtasema!" Ujumbe ukafika, wala hapakuwa na ugomvi.

Mbwa mwenyewe hakujua habari za bati. Yeye kazi yake ilikuwa mbuzi. Fisi walioshuka kutoka kwenye mawe walilijua zizi la Damari na walilikwepa, na sifa zake zikaenea hadi Singida mjini. Ilipojulikana kwamba ana mimba, watu wakaanza kuweka oda kama ya vitunguu.

Damari alikuwa amejiandaa. Mtasema alipoingia kwenye joto alimfungia ndani, asije akapandwa na mbwa yeyote wa njiani, kisha akampeleka mwenyewe kwa dume la Mzee Moses, mbwa jasiri ambaye hajawahi kung'ata mtoto wa mtu. Aliwahi kusikia kwamba ukitaka kujua mbwa atakuwaje, mwangalie baba yake anapokula. Alikaa akamwangalia dume yule akila, mpaka Mzee Moses akauliza kama amekuja kuposa.

Watoto walizaliwa saba. Sita walikuwa wanene, wanapiga kelele, wanasukumana kwenye chuchu kama watu wa gulio. Wa saba alikuwa mdogo kama panya buku, na kila akifika kwenye chuchu anasukumwa pembeni. Damari alikuwa amejiapia kutompa jina mtoto yeyote, kwa sababu ukishampa jina huwezi kumtoa. Lakini wiki mbili nzima alimlisha huyo wa saba maziwa ya mbuzi kwa bomba la sindano, tone kwa tone, akiwa amemfunga kifuani kwa kanga, na siku ya kumi na tano alipofumbua jicho moja akamtazama, jina likamtoka lenyewe.

"Kitinda," alisema. "Wewe ni kitindamimba wangu."

"Haya," alisema Filipo kutoka mlangoni. "Tumekwisha."

Wateja walipokuja, walikuta mambo yamebadilika. Damari aliwakaribisha, akawapa viti, akaanza kuwahoji. Atalala wapi? Nani atampeleka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa? Mkisafiri kwenda msibani, nani atabaki anamlisha? Na hakuna anayeondoka kabla ya miezi miwili, hata kama umekuja na gari. Bwana mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti alisema mbwa wake ataishi ndani ya banda, hatoki mchana, ili awe mkali. Damari alimshukuru kwa kuja, akamsindikiza hadi barabarani.

"Mke wangu," Filipo aliuliza, "unagawa mbwa au unaoza mabinti?"

"Naoza."

"Basi mbona mahari hatujala?"

Damari alicheka, lakini hakulegeza. Na hata baada ya kuwatoa, hakukaa nyumbani. Mwezi mmoja ulipopita alianza kuwatembelea, mmoja mmoja. Kwa mama Dorkas, muuza uji, alimkuta mbwa amelala juu ya gunia safi. Kwa mwalimu Leah alimkuta kanenepa mno, akamsema mwalimu kwa adabu. Alirudi kila mara moyo ukiwa mwepesi.

Aliyebaki alikuwa Kitinda. Yeye alikuwa amekwenda mbali, Kinyangiri, kwa Abraham, kaka yake mkubwa Damari. Abraham alikuwa amepiga simu akasema fisi wamekula mbuzi wake watatu, na Damari akaona hapo hapana mjadala: Kitinda atabaki ndani ya ukoo, atakuwa anamwona sikukuu. Alimpeleka mwenyewe, akamkabidhi, akalia kidogo nyuma ya ghala la mtama, akarudi Unyambwa.

Sasa alipanda gari la asubuhi bila kutoa taarifa. Alipofika, jua lilikuwa limeshakuwa kali. Wa kwanza kumwona hakuwa mtu. Kitinda alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zizi kwa kamba fupi, fupi hata kulala vizuri hawezi, na sufuria ya maji ilikuwa imepinduka. Alipomtambua Damari aliruka, kamba ikamvuta, akaanguka, akaruka tena.

Damari alihisi damu inampanda. Kabla hajafungua mdomo, Abraham alitokea nyuma ya nyumba akiwa na sahani ya ugali. Hakumwona mgeni. Aliiweka sahani chini hatua nne kutoka kwa mbwa, akachukua mpini mrefu wa jembe, akaanza kuisukuma sahani kwa mpini, taratibu, huku mwili wote umeegemea nyuma kama mtu anayechokoa nyoka shimoni.

"Shikamoo kaka," alisema Damari.

Abraham aliruka. Mpini ulidondoka.

"Marahaba. Umekuja saa ngapi?"

"Kaka, samahani. Wewe ni mkubwa wangu, siwezi kukufokea. Lakini huyu mbwa naondoka naye leo."

Eliana, mke wa Abraham, alikuwa ametoka jikoni. Alimpokea wifi yake mkoba, akamwangalia mumewe kama mtu anayesubiri mwenzake alipe deni la maneno. Abraham alijifuta jasho. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyewahi kutenganisha mafahali wawili kwa mikono yake, na sasa alitazama vidole vya miguu yake.

"Mchukue," alisema. Kisha akahamia Kinyiramba, lugha ya mama yao, kama kawaida yao mambo yakiwa mazito. Alisimulia kwamba alipokuwa na miaka saba, kabla Damari hajazaliwa, mbwa wa kijiji alimng'ata paja. Baba aliogopa kichaa, akampakia kwenye baiskeli hadi hospitali, na huko akadungwa sindano za tumboni, siku baada ya siku, ameshikwa na watu wazima wawili. "Mpaka leo nikisikia mbwa amepumua karibu yangu, tumbo linaniuma. Lakini fisi walikuwa wananimaliza. Na wewe ulimleta kwa furaha, unalia. Ningesemaje?"

Hasira ya Damari ilikosa pa kukaa. Yule mwenye mashine, Damari alimhoji mpaka akatoka jasho. Mwalimu Leah naye alimkagua hadi uani. Lakini kwa Abraham hakuuliza hata swali moja, kwa sababu mdogo hamuulizi mkubwa wake kama anaweza. Alikuwa ameona aibu ya kuuliza, na aliyelipia aibu hiyo alikuwa Kitinda, wiki nne nzima, shingoni.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Nilikuheshimu mahali ambapo ilitakiwa nikuulize."

"Kwa hiyo unaondoka naye?"

Damari alifikiri. "Nitakaa siku tatu. Tukishindwa, naondoka naye, na hakuna atakayejua sababu."

"Eliana anajua."

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza ya mpini," alisema Eliana, akaingia jikoni kuficha kicheko.

Siku ya kwanza Abraham alikaa kwenye kigoda, Damari amemshika Kitinda mapajani, na kazi ilikuwa kutazamana tu. Siku ya pili ilikuwa ya kulisha kwa mkono. Damari alimpa kaka yake kipande cha ugali chenye mchuzi wa dagaa, akamwambia aweke kiganja wazi, vidole visitangulie. Abraham aliusogeza mkono kwa haraka mno, dagaa mmoja akaanguka. Kitinda aliokota yule dagaa kwanza, akanusa, kisha akachukua ugali polepole, na alipomaliza akakilamba kiganja chote, kuanzia kidole gumba hadi kwenye mkono wa shati.

"Mama yangu!" alipiga kelele Abraham. "Ananionja!"

Eliana alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Damari naye hakujiweza. Abraham aliwatazama wote wawili kwa ukali, lakini mkono hakuuondoa.

Siku ya tatu asubuhi Damari aliamka akakuta nguzo haina mtu. Alitoka nje, akamwona kaka yake anawatoa mbuzi kwenda malishoni, anatembea kama mtu aliyebeba mayai, na Kitinda yuko nyuma yake hatua mbili. Kila Abraham alipogeuka kuangalia, mbwa alisimama. Kila alipoendelea, mbwa aliendelea.

"Niliikata hiyo kamba mwenyewe," alisema Abraham alipomwona Damari amekaribia. "Ila nilikata nikiwa mbali. Nilifunga kisu kwenye mpini."

"Kaka, nimchukue?"

Abraham alikohoa. "Mwache. Chanjo yake inayofuata ni lini?"

Damari alimwambia tarehe, akamfanya airudie mara mbili, akamwachia dawa ya minyoo. Hakulia safari hii.

Unyambwa alimkuta Filipo na ujumbe: watu watano wameshauliza uzao ujao wa Mtasema, na Mzee Moses anasema dume lake lina nafasi.

"Waambie mwaka huu hakuna," alisema Damari. "Mama apumzike. Na mwakani tutaona kama mimi mwenyewe nitaweza."

"Watalalamika."

"Si ndiyo maana ulimwita hivyo?"

Mtasema alikuwa amekuja mlangoni kumpokea. Lakini badala ya kuruka kama siku zote, alisimama ghafla, akaisogelea kanga ya Damari, ile aliyompakatia Kitinda, akaanza kunusa. Alinusa pindo, akapanda hadi magotini, akarudi pindoni, kwa muda mrefu, pua inafanya kazi na masikio yamesimama. Damari hakusogea. Aliushusha mkoba chini taratibu, akasimama palepale mlangoni hadi mama yule alipotosheka, akatikisa mkia mara mbili tatu, akaenda zake kwa mbuzi.