Gari la Viti Viwili

Hafswa binti Salim alikuwa na miaka kumi na tisa, kibao chekundu cha L cha mwanagenzi wa gari, na akili nyingi kuliko mahitaji ya nyumba yao. Ile akili ndiyo iliyomponza.

Uhuru ulikuwa umebakisha miezi michache, na Kisauni nzima ilizungumza bendera. Yeye alizungumza gea. Shule moja ya wasichana kule Changamwe ilikuwa imemkubali awe mwalimu wa darasa la kwanza kuanzia Januari, na tangu barua ifike alitembea nayo kifuani chini ya buibui. Lakini kutoka Kisauni hadi Changamwe si karibu. Uvuke daraja la Nyali, ukate kisiwa kizima, utokee Makupa. Na binti wa nyumba ile hapandi basi peke yake, hata dunia ipinduke. Kakake Aqil, aliyekuwa akimfundisha kuendesha kwa gari kuukuu la marehemu baba yao, alikuwa amepata kazi Tanga na angeondoka nalo. Bila gari, hakuna shule. Bila shule, ni kukaa ndani kungojea kuozwa, na hilo alikuwa halitaki kama asivyotaka homa.

Mwenye kauli juu yake sasa alikuwa Hadi, ami yake. Katika miaka miwili Hafswa alikuwa amekwisha kukataa posa mbili, tena mapema, kabla wageni hawajamaliza kahawa. Ami Hadi hakugomba. Alikuwa mtu wa kunyamaza na kupapasa ndevu, na watu wa namna hiyo, heri wagombe.

Jumamosi moja asubuhi aliita tangu mlangoni.

"Hafswa!"

"Abee, ami! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wataka gari la kwendea shule."

"Naam, ami."

"Basi vaa buibui lako twende Changamwe ukachague. Uchague kwa jicho lako na useme kwa kinywa chako. Sitaki kesho niambiwe umechaguliwa."

Hafswa alivaa ushungi wa buibui upande upande kwa haraka. Nje alimkuta Mzee Mwidani na Mzee Masha, marafiki wa ami yake, wamekwisha kukaa kwenye teksi na bakora zao. Wazee wale walikuwa hawajui gari linatiwa mafuta wapi. Hafswa akajiambia wamefuata chakula cha mchana, akacheka peke yake.

Yadi ilikuwa kando ya barabara ya malori, magari mapya yamepangwa hapo na vumbi la safari ya kutoka bandarini bado liko juu yao. Muuzaji aliitwa Mutua, kijana wa Machakos mwenye tai na kalamu mbili mfukoni. Alianza kuwaonyesha magari mapana ya Kiingereza, yale ya kukalisha ukoo mzima.

Hafswa aliyapita. Alikuwa ameona Datsun moja pembeni, jekundu, fupi, paa lake la turubai linakunjwa nyuma, na lina viti viwili tu. Moyo ulimruka. Lakini msidhani ni wekundu uliomvuta. Alikuwa akipiga hesabu zake. Gari kubwa litakuwa la ukoo: leo kuwapeleka mashangazi matangani, kesho magunia ya mchele ya ami, kesho kutwa watoto wa jirani kutahiriwa. Mwisho wa mwezi shule itakuwa imepata mwalimu mwingine. Gari la viti viwili halina la kuombwa. Atakuwa yeye, na mpaka apate leseni yake, mtu mmoja wa kumkalia pembeni kwa ajili ya sheria, basi.

"Dada, hii gari ni ya mbio," Mutua alimwonya. "Imetoka Japani juzi tu. Ukikanyaga hapa, inaruka. Na wewe bado uko na L."

"L hutoka," alisema Hafswa. Alikwisha kukaa kwenye usukani, amelikusanya buibui magotini lisiingie kwenye klachi.

Ami Hadi alisogea. "Ndilo hili?"

"Ndilo, ami."

"Hutaki jingine kubwa?"

"Sitaki."

"Wala hutaki kitu kingine juu yake? Sema usione haya."

Hafswa alicheka. Alikuwa hajapata kumwona ami yake na mkono mwepesi namna ile. "Hili lanitosha, ami. Nimeridhika nalo."

Ami Hadi akawageukia wazee wake. "Mmesikia?"

"Tumesikia," alisema Mzee Mwidani.

"Tumesikia," alisema Mzee Masha.

Hafswa akadhani masikio ya wazee yamekwisha, ndiyo maana waulizwa.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake, Bi Kuluthum, amekwisha kufukiza udi. Mama alimkumbatia, akambusu paji la uso, machozi yakimlengalenga.

"Mama, ni gari tu."

"Si gari tu, mwanangu. Ni mahari yako. Faraj bin Said wa Likoni ameposa tangu mwezi uliopita. Ami yako alitukanya tusikwambie kabla ya wewe kutaja."

Hafswa alikaa kitako pale pale mlangoni.

Mahari ni haki ya mwanamke, na katika nyumba zile za zamani mwari hutaja mwenyewe anachokitaka: mwingine mkufu, mwingine msahafu, mwingine shamba la minazi. Ni desturi ya heshima, wala haina kosa. Lakini akishataja mbele ya wanaume wawili, watu hawaulizi tena kama amemridhia huyo mume. Nani atataja mahari ya ndoa asiyoiridhia? Ami Hadi alilijua hilo, naye alikuwa amechoka na binti wa kukataa. Kwa hiyo aliruka swali la kwanza, akamuuliza la pili.

Hafswa alimkimbilia barazani.

"Ami, mimi sikujua!"

"Hukuuliza," alisema ami yake kwa upole. "Mtu apewa gari bure, haulizi latoka kwa nani? Hakuna aliyekushika ulimi. Ulitaja, ukaridhika, wazee wakasikia. Sasa wataka niwaambie watu wazima wale kuwa binti wa ndugu yangu alikuwa akiwachezea?"

Hasira zilimpanda mpaka akashindwa kulia. Kilichomuuma zaidi ni kuwa kila neno lilikuwa lake.

Aqil alikwenda zake Tanga wiki ile ile. Datsun lililetwa uani na kibao chake cha L, likakaa. Hafswa aliruhusiwa kulipangusa tu. Mwanagenzi haendeshi bila mwenye leseni ubavuni, na katika nyumba nzima hapakuwa na leseni tena. Alikuwa akiingia, akifunga mlango, akibadilisha gea injini ikiwa imezimwa, moja, mbili, tatu, huku mbele yake kuna ukuta wa jikoni.

Siku tatu kabla ya nikahi Faraj mwenyewe alikuja kuleta ufunguo wa akiba. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, mfanyabiashara wa jumla, mwenye sauti ya chini. Alisimama upande wa abiria asiingie, kwa adabu, na Bi Kuluthum akiwatazama dirishani.

"Umechagua zuri," alisema. "Mimi nina leseni. Inshallah tukishakuwa Likoni nitakaa hapa, nawe utaendesha. Kila Ijumaa tutatembea."

"Na shule?"

"Shule ya nini tena? Utoke Likoni, ungoje feri, ufike Changamwe saa ngapi? Kwangu hutapungukiwa na kitu."

Hafswa alikitazama kile kiti cha pili. Alikuwa amekichagua kwa kuwa hakikaliki na ukoo. Hakufikiri kuwa mtu mmoja anatosha.

"Bwana Faraj," alisema, "mimi nilichagua gari. Sikukuchagua wewe. Sikujua hata kama upo."

 Uso wa Faraj ulibadilika, na Hafswa akaona kuwa yeye naye alikuwa hakuambiwa yote.

"Wallahi sikujua," alisema. "Lakini nikirudi nyuma mimi, watu watasema nimeona ila kwako. Hutaposwa tena, wala wadogo zako. Sitaki kukufanyia hivyo. Sema wewe. Ami yako, aliye walii wako, atakuja na mashahidi kukuuliza. Ukisema hutaki, hakuna nikahi, wala sheikh yeyote hataifunga. Nami sitakuwa na kinyongo, haki ya Mungu."

Hilo alilishika kwa mikono miwili. Sheria ilikuwa upande wake. Lilibaki neno moja tu. Siku tatu alilifanyia mazoezi mbele ya kioo. Ijumaa asubuhi, mama yake alipokuwa akimfunga asumini nyweleni, akamwambia.

"Mama, ami akiniuliza nitasema sitaki."

Mikono ya Bi Kuluthum ilisimama. "Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Una wadogo zako wawili, Hafswa. Nami nyumba hii nakaa kwa hisani ya ami yako."

"Najua, mama. Nisamehe."

 Mama alimaliza asumini, akakaa naye kitandani, akamshika mkono. Chumba kilijaa wanawake, jasho na marashi. Nyuma ya pazia zilisikika bakora za wazee, kisha sauti ya Ami Hadi ikikohoa.

"Hafswa binti Salim. Umeniwakilisha nikuoze Faraj bin Said, kwa mahari uliyoyataja mwenyewe?"

Wanawake walinyamaza. Mwari mwenye haya hujibu kwa kimya, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Hafswa hakutaka kuwapa kimya. Aliinua kichwa, akavuta pumzi.

Bi Kuluthum aliisikia pumzi ile mkononi mwake. Akafumba macho, akapiga kigelegele.

"Sitaki," alisema Hafswa.

Lakini chumba kizima kilikuwa kimekwisha kudakia, wanawake ishirini kwa pamoja, na vifijo juu. "Sitaki!" alisema tena, akapiga kelele, na walio karibu wakamwona kinywa kiko wazi na machozi yanamtoka, wakazidi kushangilia, maana mwari kulia ndiyo heri yenyewe. Nje ya pazia Mzee Masha alisema alhamdulillahi. Wanaume wakaanza kuondoka kuelekea msikitini.

Mama yake alimkaza mkono mpaka pete ikamuumiza, wala hakuacha kupiga kigelegele hadi mtu wa mwisho alipotoka uani.