Siku Mafuta Yalipokuwa Safi

Kabla Rahimu Shamte hajagusa gari la mtu, alianza na mafuta. Alichomoa mpira wa mafuta, akakinga petroli kidogo kwenye chupa nyembamba ya kioo aliyoichora mistari kumi kwa msumari, akaongeza maji, akaziba kwa kidole na kutikisa. Kisha aliisimamisha chupa juu ya benchi na kungoja. Petroli na maji havipatani, vitatengana tu. Lakini petroli ikiwa imetiwa spiriti ya bei rahisi, ile spiriti huihama na kuyafuata maji, na mstari wa maji hupanda. Jinsi mstari ulivyopanda ndivyo mnunuzi alivyoibiwa.

Kazi hiyo alijifunza kwenye karakana ya shirika la mkoa, kabla shirika halijafa na mashine zake kuuzwa kwa mnada. Zama zile mafuta yalikuwa ya kibali na foleni, lakini ukiyapata, ni mafuta. Ilipokuja ruksa kila kitu kikawepo mjini Singida: vitenge, redio, magari yaliyochoka ya Japani yaliyopitia Dubai. Sheli ya ushirika ikanunuliwa na Kitwana, mfanyabiashara wa nafaka. Ile ya pili ikafilisika, akainunua nayo. Kufikia mwaka 1999, asiyetaka mafuta ya Kitwana ilimpasa ayafuate Manyoni.

Wenye magari ya kabureta walilalamika, wakazoea. Aliyeteseka zaidi alikuwa Deo Antipasi, dereva wa teksi, mtu wa kijiji cha Ulemo aliyehamia mtaa wa Utemini mjini na mkewe Redempta. Gari lake lilikuwa la injeksheni, ambalo kompyuta ndiyo hupima mafuta yanayoingia kwenye injini. Kompyuta ya injini ya kiwandani iliungua, na ya aina ile haikupatikana popote, ndipo Rahimu akamfungia nyingine, kisanduku cheusi cha kigeni kinachokubali gari lolote. Ila kisanduku hakikujua kilichomo tangini. Kilitegemea skrubu moja ndogo ya kukiambia nozeli, zile pua za kupuliza mafuta, zimwage kiasi gani. Spiriti hutaka imwagwe nyingi kuliko petroli, ikipungua injini inachemka na pistoni zinatoboka. Ikizidi, plagi zinalowa masizi na gari linazima.

Kisanduku kilikuwa na waya wa kijani usiounganishwa na kitu. Maelezo yake yalisema kuna kipimo cha kukaa kwenye bomba la mafuta, kisome spiriti chenyewe na kukiarifu kisanduku. Rahimu aliandika Dar es Salaam mara mbili kukiulizia. Jibu lilikuwa kwamba kitu hicho hakijawahi kuletwa nchini. Akaufunga waya kwa utepe, na kuanzia siku hiyo kipimo kikawa yeye mwenyewe. Kila Deo alipojaza mafuta alipita gereji, chupa ikatikiswa, skrubu ikageuzwa.

Mara moja Deo alijaribu kuigeuza mwenyewe akiwa safarini, akatoboa pistoni. Rahimu alipomaliza kulitengeneza aliifunika ile skrubu kwa gundi ya chuma, aliyokuwa akiibandua na kuibandika upya kila anapopima.

"Usiiguse tena, ndugu yangu," alimwambia. "Ukijaza, pita kwangu kwanza."

"Nimesikia, fundi."

Mwezi wa tatu spiriti ilikuwa fungu moja kati ya kumi. Mwezi wa sita, matatu. Mwezi wa nane Rahimu alitazama chupa na kuona maji yamepanda kwa mafungu matano. Akaenda kwa Kitwana, akamkuta kwenye kiti cha kukunja mbele ya sheli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rahimu. Karibu."

"Mzee, mafuta yako nusu ni spiriti. Nimepima."

Kitwana hakukasirika. "Magari yanatembea, hayatembei?"

"Yanatembea yakifa."

"Mwanangu, hii ni biashara huria. Sijamfunga mtu kamba aje kununua kwangu."

Jioni hiyo Rahimu aliandika barua nyingine, safari hii kwa wakubwa wanaohusika na vipimo, akaeleza kila kitu na kuambatanisha hesabu za chupa zake tangu Machi. Maryam, mkewe, aliisoma akamuuliza kama anadhani kuna atakayeifungua. Rahimu alisema hajui. Aliipeleka posta hata hivyo.

Ilifunguliwa. Wakaguzi wawili walikuja Jumatano moja ya Septemba na gari la serikali, saa nne asubuhi. Rahimu aliposikia alifunga gereji akaenda kusimama kando ya pampu. Wakakinga petroli, wakaitia kwenye chombo chao, kirefu na kizuri kuliko chupa yake, wakaongeza maji, wakatikisa. Watu wakakusanyika. Maji yalibaki palepale. Wakapima pampu ya pili. Yalibaki palepale.

"Mafuta safi," mkaguzi mmoja alisema, akaanza kuandika.

Rahimu alielewa kwamba Kitwana aliarifiwa mapema. Aibu ilimpanda usoni, kwa kuwa kila mtu alijua nani aliyeandika. Alikuwa anageuka kuondoka Redempta alipomjia akihema.

"Shemeji, umemwona Deo? Aliniambia atapita kwako."

"Sijamwona. Ameenda wapi?"

"Ulemo. Kondakta wa basi alileta habari alfajiri. Baba mkwe ngiri imemkaza tangu jana, hospitali ya kule wamesema aletwe mjini apasuliwe. Deo alijaza mafuta hapa saa moja, akaondoka mbio."

Rahimu alipiga hesabu. Tangi la Deo lilikuwa tupu tangu jana. Skrubu ilikuwa imewekwa kwa nusu spiriti, na gundi juu yake. Sasa kisanduku kilikuwa kinamwaga petroli tupu kwa wingi uleule, kana kwamba ni ile chafu.

Hakukuwa na simu ya kumpata mtu barabarani. Alichukua bisibisi na tindo, akapata lori la vitunguu lililokuwa likielekea Nzega, akapanda juu ya magunia. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo. Kila kilima walichopanda lori lilikwenda mwendo wa mtu, naye akawa anajihesabia: kama Deo amefika Ulemo, akakaa na injini inanguruma wakati mzee anapakiwa, hapo ndipo plagi zitakapolowa.

Aliwakuta karibu na Misigiri, saa saba kasoro. Boneti ilikuwa wazi. Deo alikuwa ameketi chini akikwangua plagi kwa wembe, mikono na uso vyeusi. Kwenye kiti cha nyuma Mzee Antipasi alilala amekunja magoti, tumbo limejaa kama ngoma.

"Nimezisafisha mara tano," Deo alisema bila kuinua kichwa. "Linawaka, linakwenda kidogo, linazima. Magari mawili yamepita, yamejaa. Fundi, nilifikiri nikigusa kile kisanduku nitaliua kabisa."

Rahimu alitoa bisibisi na tindo. Aliingia chini ya dashibodi, akaibandua gundi kwa tindo, akageuza skrubu nyuma mzunguko mmoja na robo. Wakarudisha plagi. Gari liliwaka kwa mkupuo wa kwanza na kutulia. Kazi yote ilichukua dakika kumi.

"Shikamoo, baba," Rahimu alisema alipokaa nyuma na kukishika kichwa cha mzee.

"Marahaba," mzee alijibu kwa sauti ya mbali. "Limepona?"

"Limepona, baba."

Hospitali waliifikia saa nane na nusu. Daktari aliyempokea alimpapasa tumbo, akauliza walikuwa wapi tangu asubuhi. Mzee Antipasi alipasuliwa, utumbo ukakutwa umeshaoza, na alfajiri ya Alhamisi alikata roho.

Kwenye msiba Ulemo, Rahimu alimweleza Deo yote: barua, wakaguzi, mafuta safi ya siku ile. Deo alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitaka kutusaidia," alisema. "Ningependa kukuambia haya yameisha, lakini sijui kama nitaweza."

Hakurudi gereji. Gari aliliuza kwa mtu wa Itigi. Wiki iliyofuata chupa ya Rahimu ilionyesha mafungu matano tena, na cheti cha wakaguzi kikatundikwa ukutani kwenye sheli. Madereva waliacha kumletea magari. Wengine walisema ni mchochezi, wengine walisema mikono yake ina mkosi.

Januari Kitwana alimwita. Alisema anahitaji mtu anayejua kupima, maana akizidisha spiriti magari yanazima mbele ya pampu, na hilo halipendezi. Maryam alimpigia pasi shati. Alikuwa na watoto watatu wa kulisha.

Rahimu alianza kazi Jumatatu. Asubuhi hupima mchanganyiko nyuma ya sheli, ili spiriti isipite mafungu manne. Redempta huuza nyanya ng'ambo ya barabara. Siku za kwanza Rahimu alimsalimia. Siku hizi hutoka kwa mlango wa nyuma.