Sikuli Kwenye Kikwembe

Kavuo alikuwa akipiga pasi kikwembe chake cha sikukuu, makaa yameshika vizuri, alipoona kwamba sura zilizochapwa pale si za kiongozi wa uhuru tena. Zilikuwa za Sikuli, mume wake. Akaisimamisha pasi ipoe kidogo, maana Sikuli hakupenda joto.

Vitambaa hivyo viligawiwa na Sadrack, mkuu wa mtaa wao hapa Butembo, kwa akina mama watakaoandamana tarehe kumi na saba mwezi wa kwanza. Kavuo ndiye aliyevishona. Fundi mwenye adabu hukata kwa hadhari, kichwa cha mheshimiwa kisiangukie mahali pa kukalia. Mwaka huu sura zilijaa kitambaa kizima, akashindwa; moja ikaangukia hapo hapo.

"Acha tu," alisema jirani yake Vagheni. "Bachefu na biti ya kukalia banazoeana."

Asili ya siku hiyo kila mtoto wa shule anaijua. Kiongozi aliuawa, mwili wake ukapotezwa makusudi, na siku ya kifo chake ikafanywa sikukuu. Miaka mingi baadaye lilirudi jino lake. Jino moja, nalo likapewa jeneza, bendera na kaburi.

Sikuli naye aliuawa, kwa panga, katika shamba lao la kakao nje ya Beni. Tangu hapo njia ya shamba imefungwa kwa vita na hakuna aliyeurudisha mwili wake. Kavuo alikimbilia Butembo na kilio kisichofungwa. Alitaka kaburi tu, hata dogo.

Basi akavaa, akaandamana. Vagheni, nyuma yake, alimtazama mgongoni.

"Bwana yako anakonda."

"Njia ilikuwa murefu," Kavuo akajibu.

Baada ya gwaride alimfuata Sadrack.

"Chef, Sikuli anarudia. Unipatie nafasi ku makaburi, nimuzike."

Sadrack aliinama akamsalimu Sikuli, kwani walifahamiana tangu Beni. Kisha akainuka.

"Pole, mama. Lakini hii ni kikwembe. Kwa kuzika, inaomba mwili."

"Na ule balizika jino?"

"Ule alikuwa chef." Akajifuta jasho. "Tena leo bureau inafungwa. Ni fête, sikukuu."

"Na kesho?"

"Kesho utaleta mwili."

Kavuo akashika njia ya nyumbani. Aliumia, lakini kwa mbali, kama anayesikia msiba wa mtaa wa pili. Njiani akina mama walimsalimu, wakamsalimu na Sikuli, wakaenda zao kunywa sukari, ile soda ya sikukuu.

Nyumbani alipika sombe ya majani ya muhogo na bugali. Miguu ilimuuma, akavuta kiti. Hapo akakumbuka sura ya Sikuli iliyokuwa nyuma, mahali pa kukalia, pale pale alipoiweka kwa mkono wake. Kukivua kikwembe hakutaka. Sikuli angebaki tena peke yake, na safari hii ni yeye mwenyewe ambaye angekuwa amemwacha.

Akakisukuma kiti chini ya meza, akala amesimama.