Barafu Nyekundu za Shani

Usiku wa kuamkia Alhamisi, Mwantumu Sechonge aliota kwamba chungwa limekuja kupiga hodi jikoni kwake.

Ndotoni hakushangaa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mkazi wa Muheza, na machungwa yaliingia jikoni kwake kila siku, ingawa kwa kawaida yaliingia ndani ya gunia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza barafu za vijiti za matunda matupu: embe, nanasi, pesheni, chungwa, bila sukari wala rangi ya dukani. Wazazi wa mtaa mzima walimwamini. Mtoto akiugua akakataa chakula, mama yake alikimbilia kwa Mwantumu kabla ya kwenda kokote.

"Hodi," likasema chungwa.

"Karibu."

"Nimeshakaribia. Nimekuja kwa ajili ya masharti."

Masharti yalikuwa matano. Mwantumu aliyaandika mwenyewe kwenye karatasi na kuyabandika mlangoni mwa friza, ili yeyote anayemsaidia ayafuate. Chungwa likavaa miwani, likasoma la kwanza kwa sauti ya karani: "Kisichoiva kisiingie." Kisha likamtazama. "Wewe umeiva?"

"Mimi ni mtu."

"Sikukuuliza hilo."

Likambonyeza begani kwa kidole. Kidole limekipata wapi, Mwantumu hakujua. Likamnusa kisogo, mahali ambapo tunda huwa na kikonyo, halafu likaandika kwenye kijitabu: *Bado kidogo.*

"Ingia hivyo hivyo," likasema. "Tumekungoja miaka minne."

Mwantumu anafungua friza, anapandisha mguu, anaingia. Ndani hakuna barafu. Ni darasa. Mananasi yamekaa nyuma kwa sababu ya urefu wao, ndimu zimekaa mbele. Mwalimu ni pesheni mmoja mwenye makunyanzi usoni, na amesimama mbele ya ubao na fimbo.

"Sharti la pili," anasema mwalimu. "Acha nafasi juu ya kikombe, maana maji yakiganda hutanuka. Nani humu amejaa mpaka ukingoni?"

Darasa zima likamgeukia Mwantumu.

"Siku ile mdogo wako alipotaka kujieleza, ulimwachia nafasi?"

"Nilikuwa na hasira, mwalimu."

"Kiasi gani?"

"Nilijaa."

"Ukaganda?"

"Nikaganda."

"Kikafuata nini?"

"Nikapasuka."

"Njoo uandike ubaoni," akasema mwalimu, bila ukali wowote.

Mambo ya siku ile hayakuwa ndoto. Mwantumu alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Shani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimfundisha kuchagua embe kwa kunusa, kuchuja mbegu, kusimamisha kijiti barafu inapoanza kushika. Walifanya kazi pamoja jiko moja, na binti wa Shani, Arafa, alikulia chini ya meza ile, akinyonya kokwa za embe.

Jumamosi moja Mwantumu akarudi kutoka sokoni, akafungua friza, akakuta trei nzima ya barafu nyekundu ambazo yeye hakuzitengeneza. Wekundu ule ulimtia wazimu. Hakuuliza. Alibeba trei mpaka barazani, ambako wazazi na watoto walikuwa wanangoja, akazimwaga mchangani mbele ya macho yao.

"Huyu anataka kuwalisha watoto wenu rangi ya kutilia mikeka!" alisema.

Shani alisimama mlangoni na Arafa mgongoni, mtoto wa miaka miwili. "Dada, nisikilize kwanza."

"Toka kwangu na sumu yako."

Shani akatoka. Wiki haikuisha, yeye na mumewe wakahamia Korogwe.

Kabla mwezi haujapita, Mwantumu akipangua rafu za jiko, alikuta sufuria ndogo nyuma ya makopo. Ndani yake yalikuwa yamekauka maua ya rozela yaliyochemshwa. Rozela tu, ambayo kila mtu Muheza anaichemsha na kuinywa. Shani alikuwa amebuni ladha mpya, na pengine alitaka kumfurahisha dada yake. Mwantumu alisimama na ile sufuria mpaka miguu ikamuuma. Kisha akaisugua, akaitundika, hakumwambia mtu. Namba ya Shani alikuwa nayo. Alijiambia atapiga kesho, na kesho hizo zikafika miaka minne.

Sasa ndotoni ameshika chaki, na chaki imekataa kuandika neno jingine lolote isipokuwa ROZELA. Ubao umejaa. Anageuka amwambie mwalimu, na darasa limekwisha kuwa uwanja wa mpira, mtupu, wenye ukungu wa baridi. Katikati kuna kikombe kimoja cha plastiki kirefu kama nguzo ya umeme. Ndani yake amesimama Shani, ameganda katika barafu nyekundu, macho wazi. Kijiti kimechomoza juu.

"Nani amemfanyia hivi?" Mwantumu anauliza.

Chungwa lilikuwa pale pale ubavuni pake. Likainama kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye kikombe. "Mwandiko ni wako. Na tarehe umeweka."

Kweli, ulikuwa mwandiko wake. Kila alichokigandisha alikiandika tarehe. Ulikuwa utaratibu wake mzuri.

Akapanda juu, akashika kijiti kwa mikono miwili, akavuta. Kitu kikalia *kwaa* ndani ya barafu, na ufa mwembamba ukapita karibu na bega la Shani. Mwantumu akaachia.

"Sharti la tano," likasema chungwa. "Usivute kwa nguvu, utavunja. Chovya kwenye maji ya vuguvugu, itatoka yenyewe."

"Hapa hakuna maji!"

"Ni kweli."

Mwantumu akaanza kulia. Machozi yakamwagika juu ya kikombe, na chungwa likatikisa kichwa. "Hayo yana chumvi. Hatutumii chumvi."

"Basi nifanye nini?"

"Sema kitu chenye joto."

Akasogeza mdomo kwenye plastiki. "Shani, nisamehe."

Hakikutikisika kitu.

"Hiyo imetoka kwenye friza," likasema chungwa. "Imeganda. Huna nyingine?"

Mwantumu akarudisha mdomo kwenye plastiki. Aliyokuwa nayo mengine hakuwahi kuyasema hata peke yake chumbani.

"Shani," akasema, "ile sufuria niliiona. Mwezi haukupita tangu uondoke, nikaiona, nikajua ni rozela. Nilijua. Wateja walikuwa wameshanisifu kwamba nimewalinda watoto wao, hata ndugu yangu sikumwonea haya. Nikaona nikisema, nitaonekana mwongo. Nikaona heri wewe uonekane mwovu, maana hukuwepo. Hivyo ndivyo nilivyofanya, mdogo wangu. Sikukosea siku ile tu. Nimekosea kila siku tangu siku ile."

Kikombe kinatoa jasho. Tone moja linadondoka, la pili, la tatu. Barafu inateleza taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani, na Shani anaweka mguu chini. Anakung'uta kanga yake. Hakumkumbatia.

"Shikamoo, dada," akasema.

Hata ndotoni hakumkosea adabu, na hilo ndilo lililomchoma Mwantumu kuliko kama angetukanwa.

"Marahaba."

"Umechelewa."

"Najua."

"Arafa ana miaka sita sasa. Jino lake la kwanza uliligusa wewe kwa kidole, unamlisha embe, ukaita mtaa mzima waje waone." Shani alisema hivyo akikamua maji kwenye upindo wa kanga. "Jana yameng'oka mawili ya mbele. Hukujua hata kama yanacheza."

Mwantumu alitaka kujibu, lakini chungwa lilitazama saa, likasema samahani, likajigawa vipande kumi, na kila kipande kikaaga peke yake.

Akaamka.

Palikuwa pamepambazuka. Alikwenda jikoni akaangalia kila kona. Sakafu ilikuwa kavu. Mikono yake haikuwa na wekundu wowote. Friza ilinguruma kama inavyonguruma siku zote. Hakukuwa na kitu hata kimoja cha kumwambia kwamba ndoto ile ilikuwa zaidi ya ndoto, na aliona moyo unamshuka, kwa sababu alikuwa ametumaini.

Hakuosha hata uso. Alijua akiosha uso atapata akili, na akipata akili ataahirisha. Akaichukua simu, akatafuta jina la Shani, akapiga.

Iliita sana. Alipokaribia kukata, ikapokewa.

"Haloo?" Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtoto.

"Haloo," akasema Mwantumu.

"Thikamoo."

Mwantumu akakaa chini, pale pale sakafuni. "Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi?"

"Yuko nje, anathugua vyombo."

"Wewe ni Arafa?"

"Ee."

"Arafa, meno yako yamefanya nini?"

"Yameng'oka. Mawili. Jana. Umejuaje? Wewe nani?"

"Mimi ni mama yako mkubwa."

Kule upande wa pili Arafa alifikiri. Alipojibu hakujibu kwa ubaya. Alijibu kama mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea nyumba.

"Mimi thina mama mkubwa."

Mwantumu alibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Ni kweli," akasema. "Hujawa naye. Nenda kamwite mama, lakini simu usikate. Mimi nitangoja."

Akasikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, miguu midogo ikikimbia, mlango ukigonga ukuta. Halafu kwa mbali, ile sauti nyembamba ikipaza:

"Mama! Kuna mtu anathema ni mama mkubwa wangu!"

Huko nje, kelele za vyombo zikakatika.