Chupa ya Fahali

Siku Patroba alipokuwa akilikata jangwa la Chalbi kwa baiskeli, nyumba yake kule Malinya ilijaa watu hadi waliokosa nafasi wakawa wanapokezwa chai dirishani. Hakuna aliyealikwa. Lakini ni nani Malinya anayengoja mwaliko penye kuku jikoni na simu inayoleta habari?

Mkewe, Lynette, alikuwa amekaa karibu na chaja, simu mapajani. Waandalizi wa safari walikuwa wakituma habari kwenye kikundi cha WhatsApp, na kila simu ilipolia, nyumba nzima ilinyamaza kama kanisa.

Patroba hakuwa mwanamichezo wa magazetini. Alikuwa mtu wa bodaboda ya baiskeli, wa kupakia gunia la mahindi na mwenye gunia juu yake, akapanda nao mlima akipiga mluzi. Waandalizi walipotangaza kwamba kila mwendeshaji atatafuta wafadhili wa jambo jema la kwao, yeye alisema anaendeshea chumba cha watoto njiti katika zahanati yao. Wafadhili wadogo waliahidi kulingana na kilomita. Yule mkubwa, aliyeahidi chumba chenyewe na mashine zake, alisema neno moja tu: amalize. Asipomaliza, basi.

Na kila aliyekuwa mle ndani alijua kwa nini Patroba hakuchagua kisima wala madarasa. Mtoto wao wa kwanza alikuja kabla ya miezi yake. Walimkimbiza mjini Kakamega amefungwa kifuani mwa Lynette, na alipofunguliwa kule, daktari alimtazama mama kwanza, si mtoto. Mwanamke akishatazamwa hivyo, haambiwi tena.

Simu ikalia.

"Soma, mama!" Dorothy wa jirani akaamuru. Dorothy alikuwa mwanamke ambaye ukimficha jambo asubuhi, jioni anakusimulia wewe.

Lynette akasoma. Patroba alikuwa mbele ya wenzake wote. Vigelegele vikapaa. Akainua mkono. "Ngojeni. Gari la maji limekwama mchangani. Wanasema kila mtu atumie maji aliyobeba mpaka lifike. Na atakayesaidiwa na gari lisilo lao, hata kwa kikombe cha maji, ametoka."

"Wacha wakwame!" Sauti ilitoka kwenye kiti kizuri, kile cha wageni. Ilikuwa ya Mzee Shikanga, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Patroba, mfugaji wa mafahali wa kupigana. "Sisi hatukutuma mtoto. Tulituma fahali."

Watu wakacheka, maana kweli walimtuma kama fahali. Mzee Shikanga ndiye aliyesimamia kuagana. Alileta isukuti, ngoma zikalia tangu alfajiri, vijana wakakimbia kando ya baiskeli wakipunga matawi kama wanampeleka dume uwanjani. Na usiku wa kuamkia safari alimlaza Patroba kwake, kando ya zizi, kwa sababu dume la kupigana halilazwi karibu na majike. Wiki nzima Lynette hakupita sokoni bila mtu kumwuliza kama ametoa maziwa.

"Na fahali haendangi uwanjani hivi hivi," mzee akaendelea, mfupa wa kuku mkononi. "Chupa zake nne, tatu nilimwachia maji. Ya nne, yenye kifuniko chekundu, nilimtilia ile ya Tyson. Nikamwambia, hii ni uji wa nguvu, uweke wa mwisho, unywe ukifika mahali pagumu. Leo jangwa litajua watu wa Malinya ni akina nani!"

Waliokaa karibu naye wakapiga makofi. Lynette hakupiga.

Tyson alikuwa fahali wa Mzee Shikanga. Alinyweshwa dawa hiyo ya mizizi na machicha ya pombe ya busaa, akamshinda mpinzani wake mapema, watu wakamrukia mzee kwa furaha. Lakini Tyson hakusimama. Alikimbia akapita umati, akapita migomba ya watu, akapita mto bila kuinamisha kichwa. Jua lilikuwa linachoma, ulimi umetoka, na maji hakuyataka. Vijana walimmwagia mdomoni akayatema. Alikuwa hajui kwamba amechoka, hajui kwamba ana kiu. Alianguka kwenye mashimo ya wachimba dhahabu, na walipomfikia, alikuwa nyama. Mzee Shikanga mpaka leo anasema alirogwa na watu wa ng'ambo ya mto.

Lynette akasimama.

Kwa desturi ya kwao, mke hamkazii macho baba mkwe, wala hampandishii sauti. Yule mzee alikuwa amechukua nafasi ya baba mkwe. Tangu aolewe, Lynette alikuwa akimsalimia akitazama chini na kumwekea chakula mezani bila kukaribia kiti chake. Sasa alimtazama usoni, na nyumba ikaona.

"Baba. Ulimpa mume wangu dawa iliyomwua Tyson?"

"Tyson alirogwa!"

"Tyson alikimbia mpaka akafa na kiu akiwa hajui ana kiu. Patroba yuko kwa jangwa. Gari la maji limekwama. Amebaki na chupa gani?"

Kila mtu alikuwa ameshajijibu.

Alipiga simu ya Patroba: mteja hapatikani. Alipiga ya waandalizi: ikalia, ikalia, ikakatika. Akatuma sauti kwenye kikundi, akasema yote bila aibu. Alama ilibaki moja, ya kijivu. Waliokuwa na gari la maji nao walikuwa hawana mtandao.

"Ni nani ana mtu kule Marsabit?" akauliza. "Mwalimu, askari, hata mpishi. Watu wetu wako kila mahali. Fikirieni!"

Simu zikatolewa kama mapanga. Mmoja alikuwa na binamu, lakini alihamishwa. Mwingine alikuwa na shemeji aliyefundisha Moyale, mbali mno. Dorothy naye hakutoa simu. Alikuwa amemgeukia Selpher, msusi wa sokoni, aliyekuwa amejibana nyuma ya kabati.

"Selpher," Dorothy akasema polepole, "yule Wekesa wako si ni askari kule Kalacha, pale jangwa linapoishia?"

"Wekesa gani? Mimi niliachana na huyo kitambo, Mama."

"Dadangu, si ni juzi tu ulimwekea wimbo kwa simu?"

Kwa siku nyingine, neno hilo lingechekwa mpaka Krismasi. Leo hakuna aliyecheka. Selpher alimtazama Lynette, akaitoa simu kifuani, akabonyeza namba pasipo kutafuta jina.

"Mpenzi!" ikasema sauti ya furaha kwenye spika. "Leo umenikumbuka mchana?"

"Wekesa, wacha hayo. Niko mbele za watu wa Malinya wote. Ongea na huyu."

Lynette akaeleza. Wekesa akawa askari papo hapo. Aliuliza rangi ya baiskeli, akauliza Patroba alipita wapi mwisho. "Landkruza iko hapa," akasema. "Njia yao naijua. Lakini sikiza, mama. Nikimfikia nikimpa maji, wale watu wamemtoa. Sheria zao tulisomewa hapa kituoni. Niende ama tungoje gari lao?"

Mzee Shikanga akainuka na fimbo yake. "Mwambie angoje! Pengine kijana hajainywa. Pengine gari limeshatoka. Lynette, mtoto wangu, fikiria. Amebakisha kidogo tu. Chumba hicho ni cha watoto wa watu wote hapa. Utaharibu jambo la lokesheni nzima kwa sababu ya woga wa mwanamke?"

Kando ya mlango kulikuwa na msichana anayeitwa Ashley, mimba yake kubwa, mkono kiunoni. Lynette alimwona, na afadhali asingemwona. Macho ya nyumba nzima yalikuwa mgongoni mwake, mazito kama gunia. Wengine walitaka aseme nenda. Wengine, na aliwajua kwa majina, walitaka aseme ngoja.

"Mama?" Wekesa akaita. "Injini inanguruma hapa."

"Nenda," Lynette akasema. "Mpe maji. Na hiyo chupa uimwage."

Mzee Shikanga akaketi kama aliyekatwa miguu.

Halafu wakangoja. Kuku walipoa sahanini, mafuta yakaganda. Mvua ya alasiri ikaja kama kawaida yake, ikapiga mabati, na Lynette akaichukia: maji yote hayo yakitiririka kwenda mtaroni bila mwenyewe. Mtu alianza kuimba pambio, akaona hakuna anayemwitikia, akakoma. Mara mbili simu ya Selpher ililia, na mara zote mbili alikuwa ni mteja anayetaka kusukwa. Mara ya pili Selpher alimtukana.

Ya tatu ilikuwa ya Wekesa. Upepo ulivuma ndani yake.

"Nimempata. Huyu hapa."

"Patroba!"

Kwanza kulikuwa na kikohozi tu. Kisha sauti iliyopasuka kama udongo wa kiangazi.

"Nani ametuma hawa?"

"Mimi."

"Wewe?" Upepo. "Lynette, nilikuwa naona miti ya Kalacha. Naiona hivi kwa macho! Ningefika!"

"Ulikunywa ile yenye kifuniko chekundu?"

"Nilikuwa nimeifungua. Iko mdomoni hivi, gari likaja likipiga honi kama wazimu. Zile zingine ziliisha kitambo. Ungengoja! Si ungengoja tu, mwanamke wewe? Chumba cha mtoto wetu umekitupa kwa mchanga. Nitaangalia watu na uso gani? Ulinitoa wewe, mke wangu, si jua, si mchanga, ni wewe!"

Lynette aliisikiliza sauti ile ikipanda, ikikwama, ikitafuta mate, ikipanda tena. Patroba alimwita mwoga, akamwita mjinga, akamwita jina la Kiidakho ambalo mzee mmoja aliposikia alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Kisha laini ikakatika.

Mvua ilikuwa imepungua. Ashley alikuwa ameshaondoka, mlangoni hapakuwa na mtu. Mzee Shikanga alikuwa ameinamisha uso kwenye kofia yake.

Dorothy, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa amesikia vizuri kwa ajili ya upepo, alisogea akamshika Lynette bega.

"Amesema nini, mama? Yuko aje?"

"Amenitukana," Lynette akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka, naye hakuyafuta. "Dorothy, amenitukana kwa nguvu zake zote."