Mikono ya Kushoto

Kwanza alianza kuchagua vitambaa. Mteja akileta satini, Fundi anaipapasa, anaikunja, anamrudishia. Akileta kitambaa cha maua, anasema maua yanamchosha macho. Alichokubali ni pamba ya rangi moja, ile ambayo ukiigeuza huku na huku hujui ipi nje ipi ndani.

Wateja walimtania. "Fundi, siku hizi unachagua kitambaa kama anayechagua mchumba!"

"Mchumba nilishakosea," anajibu, akinielekezea kidevu. "Sasa niacheni nichague hata vitambaa."

Watu wanacheka, nami nacheka. Nilikuwa mke wake na mwenzake wa kazi. Yeye alipima na kukata, mimi nilishona na kumalizia, na kwa sababu ya matundu ya vifungo niliyokuwa nikiyafuma kwa mkono aliniita Bibi Vifungo. Mimi nilimwita Fundi, kama watu wote, hata chumbani. Tulifanyia kazi sebuleni: meza ndefu ya mbao, cherehani mbili, pasi, na msumari ukutani aliotundikia mkasi wake mkubwa. Mkasi ule haukuguswa na mtu mwingine. Hata uzi nilikatia wembe.

Alikuwa na taratibu zake. Pamba ililoweshwa na kuanikwa kabla ya kukatwa, ili kama ni kurudi na kupungua irudi ikiwa bado kitambaa, isirudie mwilini mwa mtu. Kila mshono ulipigwa pasi kabla ya kukutanishwa na mwingine. "Watu wanadhani nguo inashonwa na cherehani," alikuwa akisema. "Inashonwa na pasi." Na juu ya kukata alikuwa na neno moja tu: "Uzi unafumuliwa, mama. Mkasi hauna toba."

Siku moja nilikuwa napachika mikono ya shati la pamba ya kijivu. Mkono wa nguo una mbele na nyuma. Mbele, karibu na kwapa, unachimbwa zaidi kwa mkasi, na nyuma unaachiwa nafasi, kwa kuwa mtu hunyoosha mkono kwenda mbele. Kwa hiyo wa kulia si wa kushoto, kama viatu. Nikaweka wa kushoto, ukakaa. Nikachukua wa pili, ukanigomea. Nao ulikuwa wa kushoto.

Niliugeuza tu, ndani kukawa nje, ukawa wa kulia. Pamba ile haikuwa na uso wala mgongo, na hakuna ambaye angejua. Shati lililofuata, hivyo hivyo. Na lililofuata.

Ukikata kitambaa tabaka moja, mkono wa kwanza unaufuatisha kwa chaki kwenye karatasi ya kielelezo, kisha lazima uigeuze karatasi ndipo ufuatishe wa pili. Mwanafunzi hulisahau hilo wiki ya kwanza, anazomewa, halisahau tena. Fundi alikuwa amelisahau. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akirudisha satini. Alikuwa amejua kabla yangu. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kumstiri.

Nilimpeleka hospitali, wakampiga picha ya kichwa. Daktari akatuonyesha kivuli kama doa la mafuta, akasema kimekaa mahali ambapo hawawezi kupafungua. Njiani kurudi Fundi alisema, "Usimwambie mtu. Wakiniona sijui kukata, nitakuwa nimekufa kabla ya kufa."

Sikumwambia mtu. Niliendelea kugeuza mikono.

Kisha akaja kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye sauti iliyotangulia kuingia mlangoni. Sisi tulimwita Mama Kwaya. Alikuwa na jora la satini nyekundu iliyoiva, upande mmoja unang'aa kama maji, wa pili umefifia kama vumbi.

"Majoho mapya ya kwaya nzima, Fundi. Na jora ni hili tu. Muuzaji kasema rangi hii haitarudi."

Nilisema upesi, "Mama, siku hizi satini hatuchukui."

"Hamchukui? Haya, basi Fundi amezeeka. Niende kwa wale wa stendi, wanaoshona mkono mmoja wa baba, mmoja wa mtoto?"

Alikuwa anatania. Lakini Fundi alisimama, akakiondoa kikombe mezani, akasema, "Weka hapo."

Mama Kwaya alipoondoka nilimwambia, "Basi tukikunje kitambaa. Tukikata tabaka mbili kwa pamoja, kulia na kushoto vinatoka vyenyewe."

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Satini inateleza. Ukiikunja, ya chini inakukimbia, unapata mkono mpana na mkono mwembamba. Bibi Vifungo, nimekula chumvi nyingi kwenye meza hii. Leo unifundishe kulipua kazi?"

Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniuma. Alikumbuka kila sababu ya kufanya kazi vizuri. Kilichomtoroka ni tendo moja la kugeuza karatasi.

Alikata miili ya majoho, nami nimesimama karibu, na ilitoka vizuri. Siku ya mikono niliweka kiti mbele ya meza. Kila alipomaliza mmoja nilisema, "Geuza, Fundi," naye akageuza. Mara ya tatu alitupa chaki. "Toka. Nenda kanunue uzi. Siwezi kukata mtu akinihesabia pumzi."

Nilikwenda. Niliporudi alikuwa ameketi, shati limelowa jasho, uso umekunjuka kama wa kijana. Mikono yote ilikuwa imekatwa, imepangwa, imefungwa kwa kipande cha pindo. Kwenye jora palibaki vipande visivyotosha hata kola.

"Haya, tazama," alisema. "Nani kazeeka?"

Nilifungua furushi. Nikaweka mmoja juu ya mwingine, uso kwa uso, kingo zikapishana badala ya kulingana. Ukiacha ile michache niliyomsimamia, yote ilikuwa ya kushoto. Na satini huwezi kuigeuza. Kwaya nzima ingesimama na mkono mmoja unang'aa na mmoja wa vumbi.

"Vipi?" aliniuliza.

"Imetulia," nilisema.

Alipolala mchana ule, niliutoa mkasi msumarini. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na vishikio vilikuwa vimelika kwa umbo la vidole vyake, si vyangu. Nilichukua nusu ya mikono ile iwe ya kulia, nikaichimba upande ambao sasa ungekuwa mbele. Upande wa nyuma ulikuwa umeshachimbwa, na nguo iliyokatwa hairudishwi. Nikaishona hivyo hivyo. Ikitundikwa, huoni kitu.

Aliamka akaona chenga za satini sakafuni.

"Nani kashika mkasi wangu?"

"Mimi."

Alizitazama chenga muda mrefu, kisha akageukia ukuta.

Siku ya kuchukua majoho, Mama Kwaya alilivaa lake pale pale sebuleni. Akatabasamu, akanyoosha mikono mbele kama anayeshika kitabu cha nyimbo, tabasamu likakatika. "Mbona linanivuta mgongoni? Kushoto kuko sawa. Kulia kama nimefungwa kamba. Fundi, nini hiki?"

Fundi alikuwa kitini, blanketi magotini. Nilijibu kabla hajafungua mdomo. "Mikono ya kulia nilikata mimi, mama. Nilitaka kumsaidia."

"Wewe? Na mkasi ulikuwa wa nini kwako? Umemharibia mzee jina!"

Ndipo Fundi akasema, pole pole, maneno yakimtoka mojamoja: "Nilimwambia. Mkasi hauna toba."

Sijui kama alijua anachosema. Kuna siku naamini alikuwa ameshasahau yote, akaona kweli ni mimi. Kuna siku nakumbuka kwamba baada ya mgeni kuondoka aliutafuta mkono wangu, akapapasa kidole gumba pale vishikio viliponichubua, akakishika mpaka akasinzia.

Alikufa kabla ya mvua. Kwaya ilikuja kumwimbia makaburini, imevaa yale majoho. Nilisimama nyuma yao, nikajaribu kusikiliza maneno, nikashindwa. Walikuwa wameshika vitabu, na karibu kila mgongo ulikuwa na mkunjo mmoja, kutoka kwapa la kulia kwenda uti wa mgongo. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mkunjo ule ule. Wanawake walikuwa wakiivuta mikono ya kulia kila ubeti ulipokwisha. Ya kushoto ilikaa kama imemwagwa.

Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Mzee alikuwa fundi hasa. Yale yaliharibiwa na mkewe."

"Ndiyo hivyo," mwenzake akajibu. "Yeye mwenyewe asingekosea."

Sikugeuka. Udongo ulianza kushuka.